Bumba la nyuki kwenye mwarobaini wa mama lishe

Bumba lilikuwa limetua kwenye panda ya mwarobaini, kimo cha mtu mrefu aliyenyoosha mkono, ukubwa wake papai kubwa lililokomaa. Chini ya mti huo mama lishe ana meko mawili na mabenchi, na hatua chache mbele kuna kijiwe cha bodaboda. Mahali penyewe ni pembezoni mwa jiji la Dodoma, upande wa barabara iendayo Singida. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua zikiaga. Tulioitwa ni mimi na mwenzangu, mzee aliyerina asali tangu ujana wake huko Manyoni. Vijana wa kijiwe walikuwa wameshaleta petroli na tairi kuukuu, na mama lishe hakutaka mti wake uungue.

Kisa hiki nakiandika kwa kirefu kwa sababu kinakwenda kinyume na jambo ambalo wafugaji wengi tunalikariri: kwamba bumba lililotua ni pole, unalichota tu na kulitia sandukuni. Mara nyingi ni kweli. Hili halikuwa pole hata kidogo, na kilichowafanya wawe wakali ndicho kilichoamua mambo yote, kuanzia namna tulivyowakamata hadi mwezi walioondoka.

Tuanze na kawaida ilivyo. Wakati wa maua kundi likijaa mzingani, malkia mkongwe hutoka na sehemu kubwa ya vibarua, nyumba wakamwachia malkia mchanga. Kabla ya kutoka wanakunywa asali hadi matumbo yanajaa, maana huko waendako hakuna ghala. Nyuki aliyeshiba, asiye na masega, majana (watoto wa nyuki walio bado tunduni) wala akiba ya kulinda, hana sababu kubwa ya kuuma. Wanatua mahali pa muda, na wakaguzi wachache wanakwenda kutafuta pango la mti, ufa wa ukuta au dari. Anayerudi na habari hucheza juu ya miili ya wenzake, na mchezo wake unaeleza upande na umbali wa nyumba aliyoiona. Martin Lindauer, mwanafunzi wa mtafiti wa nyuki Karl von Frisch, aliugundua mchezo huo wa bumba mjini Munich baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alipoona wachezaji wamechafuka masizi na vumbi la matofali, akaelewa kwamba hawakutoka kwenye maua. Baadaye Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell alionyesha kwamba bumba huondoka pale wakaguzi wa kutosha wanapokutana kwenye nyumba ileile. Kazi hiyo ikienda vizuri inaisha kwa saa chache, pengine siku moja au mbili.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya bumba lolote ni wamekaa hapo tangu lini. Hapa majibu yaligongana. Mama lishe alisema tangu Jumatatu. Vijana wakasema hapana, Jumamosi alasiri, walipita juu ya kijiwe na mngurumo, abiria mmoja akaruka kutoka kwenye pikipiki. Sisi tulifika Jumatano. Niliwaamini vijana, kwa sababu rahisi: mama Jumapili hapiki, anakwenda kanisani, na Jumamosi anafunga mapema. Aliyekuwepo ni wao. Tena kati ya Jumapili usiku na Jumanne mvua ilikuwa imenyesha kwa vipindi virefu, ile ya mwisho mwisho inayokuja na upepo. Wakaguzi hawaruki kwenye mvua, na bumba zima hutumia akiba ya tumboni kujipasha joto.

Mti wenyewe ulitoa ushahidi pia. Kwenye gome la panda kulikuwa na chembe nyeupe za nta, dalili kwamba wamekaa muda wa kutosha tezi zao kuanza kutoa nta. Lakini hakuna aliyetua na chavua miguuni, kwa hiyo walikuwa hawajaanza kulea. Wachezaji walikuwa wachache, nao hawakuelekea upande mmoja. Na kubwa kuliko yote, tukiwa bado hatua kama kumi kutoka shinani, walinzi walishatujia usoni.

Mzee aliinama akaokota nyuki waliokufa chini ya mti, akampasua mmoja tumbo kwa ukucha. Kikavu. Akapasua wa pili, kikavu vilevile. Nyuki wa bumba changa ukimfanya hivyo unakutana na tone la asali.

"Hawa wana njaa," akasema. "Hatuwagusi mchana huu."

Nilitaka kubisha, maana vijana walikuwa wanatutazama na umati unaongezeka. Lakini hoja yake haikuwa na jibu. Ungewaweka nyuki hao kwenye sanduku zuri namna gani, wasingekuwa na nguvu ya kujenga sega wala sababu ya kukaa.

Kabla ya hapo ilibidi tuongee na kijiwe. Kwa kweli sehemu hii ya kazi ni ngumu kuliko nyuki, na miongozo inaipita juu juu. Vijana hawakuwa na roho mbaya. Mwenzao mmoja alikuwa ameumwa jichoni, na kwao moto ndiyo dawa waliyoiona tangu utotoni. Tuliwaeleza hivi: nyuki anapouma anaacha mwiba na kifuko cha sumu, na palepale inatoka harufu inayokaribiana na ya ndizi mbivu. Harufu hiyo ndiyo king'ora chao. Ukimwaga petroli na kuwasha, utaua walio katikati ya bumba, na walio juu watatawanyika na king'ora hicho mtaa mzima, wakati shule ya msingi iko karibu na mbuzi wa jirani amefungwa kamba. Mnyama aliyefungwa ndiye anayekufa wa kwanza kwenye mashambulizi ya nyuki, kwa sababu hana pa kukimbilia. Mama lishe naye tulimwomba asikubali mtu yeyote apulize dawa ya mazao juu ya meko yake. Aliitikia, ila aliuliza swali la haki: "Na biashara yangu ya leo, baba, nani ananilipa?" Hatukuwa na jibu. Alihamisha sufuria zake kwa dada yake ng'ambo ya barabara na akapoteza wateja wa mchana. Ni gharama halisi ya kisa hiki, na aliibeba yeye.

Mbuzi akafunguliwa, pikipiki zikasogezwa, watoto wakafukuzwa. Mwenyekiti wa mtaa alipigiwa simu, na namba ya Zimamoto, 114, ilikuwa tayari mkononi kama mambo yangeharibika. Tulimjulisha pia afisa nyuki wa halmashauri.

Jioni jua lilipoanza kushuka tulichanganya sukari na maji, kipimo sawa kwa sawa, tukaweka kwenye pampu ndogo ya mkono. Pampu lazima iwe mpya. Iliyowahi kubeba dawa ya mazao, hata ukiiosha mara ngapi, usiitumie. Mzee alivaa vazi lake la kinga, akasogea taratibu, akawapulizia ukungu mwembamba wa sukari, si maji ya kumwagika. Nyuki wa juu wakalambana, wa ndani wakapokea kutoka kwa wa juu, kwa maana nyuki humlisha mwenzake mdomo kwa mdomo na chakula husambaa kwenye bumba zima upesi. Akarudi nyuma, akasubiri, akapuliza tena. Aliendelea hivyo mpaka giza lilipokaribia. Mlio ulibadilika: ule mkali wa juu ukashuka, ukawa mngurumo wa chini. Walinzi waliokuwa wanatufuata usoni wakarudi kwenye bumba. Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi ya kuwakamata ilipofanyika. Iliyofuata ilikuwa kazi ya mikono.

Sanduku la kukamatia tulilokuwa nalo ni la mbao nyepesi, lenye viunzi vitano, yaani fito za juu ambazo nyuki hujengea masega, vya upana wa milimita 32. Kipimo hicho ni cha nyuki wetu wa savana. Wa Ulaya hujenga masega kwa nafasi pana zaidi, kama milimita 35, na mzinga uliochongwa kwa kipimo chao utaleta masega yaliyojengwa mshazari. Viunzi viwili vilikuwa na vipande vya masega makavu ya zamani, visafi, visivyo na nondo wa nta. Ndani tulipaka nta na kusugua majani ya mchaichai, ambayo harufu yake inakaribiana na ile wanayoitoa nyuki wenyewe kuitana nyumbani.

Panda ilikuwa nene. Haikukatika bila kuuharibu mti wa mama, wala haikutikisika. Kwa hiyo hatukuchota. Tuliweka sanduku juu ya bumba, sakafu yake imeondolewa, ukingo ukigusa gome, tukaacha wapande wenyewe. Nyuki hupenda kupanda kuelekea gizani. Mzee alitoa moshi kidogo kutoka chini, moshi baridi wa mavi makavu ya ng'ombe na kipande cha gunia, na waliozubaa pembeni akawasukuma kwa unyoya wa bawa la kuku. Kurunzi tuliifunika kwa kitambaa chekundu, kwani nyuki rangi nyekundu haimwambii kitu, na usiku haruki kwa hiari. Anatambaa, na anatambaa hadi ndani ya mkono wa shati.

Walipanda vizuri. Sehemu kubwa ilishaingia, kisha mstari ukageuka: wakaanza kushuka tena, wachache kwanza, halafu kwa wingi, wakakusanyika palepale kwenye panda. Mtu asiyejua angedhani sanduku limewakera. Sababu ni moja tu, malkia hakuwa ndani. Mzee alizima moshi, akamulika kwenye panda polepole, akaona ufa mdogo wa gome na ndani yake kifundo cha nyuki wa kujaa kiganja, wamesongamana kuliko wengine. Malkia alikuwa amejificha humo, pengine tangu siku za mvua. Akawapulizia moshi mwembamba kwa upande wa nyuma wa ufa mpaka kifundo kikatoka na kuanza kupanda. Hatukumwona malkia mwenyewe. Lakini muda mfupi baadaye vibarua walijipanga kwenye ukingo wa sanduku, wameinua matako, wanapepea mbawa, vichwa vimeelekea ndani. Ishara hiyo inatosha. Nyuki hawapepei namna ile kwenye nyumba isiyo na malkia. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kusukumwa.

Kijana mmoja alirudi kuchukua kofia yake ya pikipiki katikati ya kazi hiyo, akaumwa shingoni. Mwiba tuliukwangua mara moja. Ukwangue kwa ukucha au uung'oe kwa vidole, muhimu ni upesi, kwa sababu kifuko kinaendelea kusukuma sumu hata nyuki akiwa ameshakufa. Uvimbe wa mahali palipoumwa kwa kawaida si hatari. Anayevimba midomo, anayeanza kuhema kwa shida au kutokwa na vipele mwili mzima, huyo ni wa hospitali bila kusubiri, hata kama ameumwa na nyuki mmoja tu. Kijana hakuwa na dalili hizo, alikuwa na aibu tu.

Tuliirudisha sakafu, mlango tukaufunga kwa wavu wa dirisha na si kwa tambara. Kundi lililofungiwa bila hewa hupandisha joto lenyewe kwa kuhangaika na linaweza kufa lote njiani. Safari ilikuwa ya usiku, kwenye bajaji, hadi shamba la rafiki upande wa Bahi.

Kuhusu umbali, watu huuliza sana. Mzinga uliokaa mahali ukiusogeza umbali mfupi, wachumaji wanarudi pale pa zamani na kupotea. Kwa bumba kanuni hiyo haipo. Nyuki waliotoka kwa kugawanyika wamejiandaa kusahau kwao. Ungeweza kuwatundika ng'ambo ya uzio uleule. Tulikwenda mbali kwa ajili ya watu, siyo kwa ajili ya nyuki.

Shambani kuna migunga na mikwaju, na lambo ambalo wakati ule lilikuwa na maji. Mzinga wa viunzi tuliutundika kwa waya kati ya miti miwili, kivulini, juu kuliko nyegere anavyoweza kufika, na kila waya tukaupaka grisi kuzuia siafu. Nyuki tuliwahamisha humo usiku uleule, kiunzi kwa kiunzi.

Hapa ndipo nyuki wetu wanapotofautiana na wale wa vitabu vingi. Nyuki wa Ulaya anaweka akiba kubwa kwa sababu baridi haihamiki. Nyuki wa savana anaweza kukihama kiangazi, na anakihama. Tabia hiyo ndiyo iliyoishangaza dunia baada ya Warwick Kerr, mwanasayansi wa Brazili, kupeleka malkia wa Kiafrika nchini kwake mwaka 1956. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka huko Rio Claro, na kufikia mwaka 1990 uzao wao ulikuwa umeingia Texas. Nyuki anayesafiri namna hiyo hawezi kuzuiwa na mfuniko. Wako wanaomfungia malkia kwenye kizimba kidogo kwa siku kadhaa ili kundi lisihame. Sikipendi kizimba. Kinazuia kuondoka lakini hakitibu sababu ya kuondoka, na malkia aliyefungiwa hatagi.

Tulichofanya ni kuendelea na njia ya mzee: chakula, na majana. Sukari iliwekwa ndani ya mzinga jioni, kidogo kidogo, kwa sababu ikiachwa mchana au ikimwagika nje inaita nyuki wa mizinga mingine kuja kupora. Na kutoka kwenye kundi lenye afya la shamba hilohilo tulichukua kiunzi kimoja chenye majana machanga, baada ya kukikagua dhidi ya utitiri wa varoa na kukung'uta nyuki wake wote. Kibarua mlezi akikuta majana yanayohitaji kulishwa hayaachi kirahisi. Kati ya mbinu zote ninazozijua za kulituliza bumba, hii naiamini zaidi, na naona ajabu kwamba inatajwa kidogo kuliko mchaichai.

Mzinga haukufunguliwa. Tulitazama mlango tu. Chavua ilipoanza kuingia miguuni tulijua malkia anataga, na tulipokuja kufungua baadaye mayai yalikuwepo, yai moja katika kila tundu, chini katikati. Kwa hiyo alikuwa malkia mkongwe aliyekwisha kupandwa. Angekuwa mwanamwali angehitaji kwanza kuruka kukutana na madume, na mayai yangechelewa.

Kisha likaja jambo lililomtia rafiki yetu mwenye shamba wasiwasi. Wiki ya pili na ya tatu nyuki walipungua, na akapiga simu kwamba wanakufa. Walikuwa wanakufa kweli, kwa uzee. Kibarua wa savana huchukua takriban siku 19 tangu yai hadi kutoka tunduni, na kwa muda huo wote waliokuja na bumba wanaisha bila kizazi cha kuwapokea. Kundi lililoanza na njaa, nyuki wake wamechakaa kabla ya wakati, kwa hiyo shimo hilo lilikuwa refu kuliko la kawaida. Tuliongeza sukari na tukaacha. Kizazi kipya kilipotoka, mlango ulijaa.

Mwezi wa tano na wa sita walijenga. Hatukurina, hakukuwa na cha kurina. Mwezi wa saba lambo lilibaki tope. Mwezi wa nane tulikuta mzinga mtupu.

Masega waliyoyaacha yanaeleza walivyoondoka. Hayakuwa na tone la asali, hayakuwa na jana hata moja, hayakuvunjwa, na sakafuni hapakuwa na maiti. Kundi lililofukuzwa na siafu, moto au nyegere huacha vitu nyuma: majana yaliyokufa, asali iliyomwagika, fujo. Hawa malkia aliacha kutaga kwanza, watoto wa mwisho wakatoka, akiba ikabebwa matumboni, ndipo wakaondoka. Ulikuwa uhamaji uliopangwa. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, chini kidogo ya milimita 600 kwa mwaka, na kati ya maua ya mwisho na kuchanua kwa migunga kuna miezi ya ukavu ambayo mzinga uliojengwa mwezi wa nne haujapata akiba ya kuivuka.

Mzee hakusikitika. Kwake nyuki ni wageni, unaandaa nyumba, wanakuja, wanakwenda, na mzinga unaonuka nta hautakaa mtupu. Mimi nilisema kundi tulilolikamata kwa sukari tulipaswa kulipatia sukari na maji pia mwezi wa saba, kwa sababu njaa ileile iliyowafanya waume watu chini ya mwarobaini ndiyo iliyowatoa Bahi. Mizinga miwili ya jirani, iliyowekewa maji kwenye beseni lenye mawe ya kutulia, haikuhama kiangazi hicho, ingawa ilikuwa na akiba kubwa zaidi, na mzee alinikumbusha hilo haraka. Mzinga wetu uliingiwa tena na nyuki kabla ya mvua mpya, migunga ilipochanua, bila mtu yeyote kuwakamata.

Mwaka huu beseni limewekwa mapema, na sukari inaanza kabla maua hayajaisha. Mzee ametundika mizinga miwili mitupu karibu na mbuga ya Bahi, ambako maji hukaa muda mrefu zaidi, akisema wakihama wahamie kwake. Kwenye mwarobaini, panda tuliisugua kwa sabuni na majivu ili harufu isiite bumba jingine, na ufa wa gome ukazibwa kwa udongo. Mama lishe amerudisha meko yake.